Silinda ya Mitwaba

Jumatatu, 12 Januari
Nimepaka cheni mafuta. Nimekaza spoku za gurudumu la nyuma. Breki ya mbele bado laini, nitaishika kesho. Maman Odile, mwenye nyumba wangu, alikuwa anashona uani huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Mtaa mzima wa Kamalondo unajua Mtanzania wao anafunga mizigo.

Maman Ngoie amepiga simu tena. Ndiye muuguzi wa zahanati kule Mitwaba. Pampu ya kisima chao imekufa kabisa tangu Krismasi. Mwanamke akija kujifungua, ndugu zake wanateremka mtoni na madumu, na maji ya mto msimu huu ni tope. Hakulalamika. Aliuliza tu kama nitakuja.

Pampu hiyo niliifunga mimi, Septemba. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Jumatano, 14 Januari
Bosi wetu wa visima amekataa niende sasa. Lori haliwezi kupita kwenye tope mpaka Mei, kwa hiyo kazi ni Mei. Nimeomba likizo. Amesaini shingo upande. Silinda mpya ya pampu nimeichukua stoo, pamoja na mipira yake, kilo kumi na kitu. Pikipiki ni yangu, roho ni yangu.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mipira ya kuzuia maji niliyoweka ndani ya pampu ile haikuwa yenyewe. Yenyewe ilikwama mpakani, mvua zilikuwa zinakaribia, nikachonga mingine kutoka kwenye mpira wa gurudumu la lori nilioununua sokoni. Nilijua haitadumu. Nikajiambia nitarudi kuibadilisha. Sikurudi. Mpira ukalika, chuma kikaikwangua silinda. Kosa langu mwenyewe.

Naenda.

Alhamisi, 15 Januari. Likasi
Lami mpaka hapa. Malori ya madini yamenipumulia moshi njia nzima.

Mjini sikosei upande, nafuata magari. Nikiwa peke yangu njiani mkono bado unanivuta kushoto kama niko Mbeya. Miaka miwili huku, aibu. Nimeandika KULIA, upande wa kukaa huku, kwa rangi nyeupe kwenye tangi la mafuta. Maman Odile aliliona neno lile alfajiri akacheka mpaka akashika mlango. "Mutanzania, kichwa yako iko nguvu. Uende, lakini urudie." Akanifungia mkate na karanga.

Ijumaa, 16 Januari
Nimevuruga.

Ilikuwa mchana, ng'ambo ya mto Lufira. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Katikati ya njia mitaro ya malori, pembeni vijia vya baiskeli. Mbele yangu mzee anasukuma baiskeli, magunia ya chumvi yamepangwa kumzidi kimo. Nikapiga honi. Akasogea kulia, kama watu wote wa nchi hii. Na mimi nikampitia kulia, kama watu wote wa kwetu. Neno kwenye tangi lilikuwa limefunikwa na tope.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Mimi ni goti tu. Gurudumu lake la mbele limepinda. Pikipiki imeangukia jiwe, kasha la injini limepasuka, oili yote imemwagika. Gunia moja la chumvi limeyeyukia kwenye dimbwi mbele ya macho yetu.

Nilingoja matusi. Akakaa kwenye jiwe lile lile. "Juu ya nini ulipita ku droite? Ku droite iko yangu." Nikamweleza kwamba kwetu tunakaa kushoto, anayepita anapitia kulia. Akakagua gurudumu lake, kisha akauliza: "Kwenu bantu banakufaka mingi?"

Anaitwa Papa Ilunga. Anapeleka chumvi Mitwaba kila mwezi, kwa miguu. Nimenyoosha gurudumu lake, spoku moja baada ya nyingine, mpaka jua likazama. Angalau hilo najua kulifanya vizuri.

Jumamosi, 17 Januari
Pikipiki nimemwachia mama mmoja wa kijiji cha jirani, imelala jikoni kwake pamoja na kuku. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Yamekwisha.

Nilikuwa tayari kubeba silinda mgongoni, na mfuko wa spana juu yake. Papa Ilunga akashusha magunia mawili, akayaacha kwa mama yule yule, akafunga vitu vyangu mahali pake. Sikumwomba. Nilimwuliza kwa nini. Akasema: "Chumvi haiozake."

Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti. Yeye anaongoza, mimi nasukuma. Mikono imetoka malengelenge kabla ya saa nne.

Jumapili, 18 Januari
Kilima. Utelezi. Tulikwama katikati, gurudumu linarudi nyuma, nikaona silinda yangu inaishia bondeni. Vijana wawili walikuwa wanashuka na baiskeli tupu. Wakazilaza majanini na kuja kusukuma mpaka juu. Salamu zilikuja baadaye. Nikawashukuru sana, wakanishangaa. Papa Ilunga akanifundisha sheria ya njia, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mwenye mikono mitupu njo anasukumaka."

Na mimi juzi nilimpigia honi.

Mbele kidogo lori limezama mpaka mlangoni. Watu wake wanapika ugali kando, wana siku tisa hapo. Bosi alisema kweli kuhusu lori. Inaniuma kuandika.

Goti limevimba. Nilitaka kukaa kidogo. Papa Ilunga akanikataza, nikikaa sitasimama. Nimemchukia kwa saa nzima hivi, kisha nikasahau.

Jumatatu, 19 Januari
Mitwaba. Tumefika. Siwezi kuandika.

Jumanne, 20 Januari
Nimevuta mabomba yote saa mbili asubuhi, Papa Ilunga akishika kamba. Silinda ya zamani imekwanguka vile vile nilivyoogopa. Nimefunga mpya, na mipira yenyewe. Saa tisa maji yakatoka, mekundu kwanza, kisha meupe. Mwanamke mmoja, tumbo liko mbele, akaweka ndoo yake chini ya bomba. Mimi nikapiga pampu.

Halafu nikamwita Maman Ngoie pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Likasi, yote yakanikimbia. Nikamwambia tu: mipira ile niliichonga mwenyewe, nilijua, ni mimi niliyewaulia pampu.

Akaingia chumba cha dawa. Akarudi na kikopo. Ndani kuna kipande cha mpira mweusi, ukubwa wa ukucha, bado kina mistari ya gurudumu la lori. Kilitoka na maji kwenye ndoo, kabla ya Krismasi. Alijua. Simu zote zile alijua. "Kama ningekuambia, ungeona haya. Haungekuya."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Akanipa kikopo, akaenda kumwangalia mgonjwa wake.

Ijumaa, 23 Januari
Tunarudi kusini, mimi na Papa Ilunga. Yeye anafuata magunia yake, mimi pikipiki yangu. Nimepata oili na gundi ya chuma Mitwaba. Gundi itanifikisha Likasi, labda.

Kwenye kile kilima tulimkuta mtu anapandisha mahindi. Niliingia kwenye majani upande wa kulia, nikaweka mfuko chini, nikaenda nyuma yake kusukuma. Papa Ilunga alikuwa ameshafika. Yule mtu hakugeuka kututazama. Alisema tu nishike chini zaidi.

Mvua imesimama. Miguu inauma, goti limepungua. Kipande cha mpira nimekibandika hapa chini ya ukurasa. Bado kinanuka gurudumu.