Mume Wangu Anataka Tuoane Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimesali mpaka magoti yameota sugu na bado sijui nifanye nini. Mimi ni mama wa mapacha, niko ughaibuni mwaka wa sita sasa, nafua mashuka ya hospitali, na mume wangu, fundi seremala, yuko nyumbani na watoto. Juzi nimeruhusiwa kumwombea viza ya mwenza aje tuishi pamoja, nikakaa na fomu, nikafika wanapouliza tarehe ya ndoa, nikaweka kalamu chini, kwa sababu wakati nakuja huku wakala aliniambia, "Dada, andika hujaolewa, wenye waume wananyimwa," nami kwa haraka ya kupata kazi nikaandika, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya ndoa. Nilipomweleza mume wangu kwenye simu akacheka, "Mama Pacha, shida iko wapi? Ukija likizo tunafunga ndoa upya, cheti kinatoka na tarehe mpya, na safari hii nitavaa suti inayonitosha." Nikacheka na mimi, halafu nikalia, maana nitaapaje mbele za Mungu kama bibi harusi, na mapacha wangu wahesabiwe watoto wa nje ya ndoa? Nikisema kweli nahofia watanirudisha, na mwenzangu ameshaanza kuuza misumeno na randa zake.

Mama Pacha

Mama Pacha, pole sana. Sasa futa machozi unisikilize. Wakala alikupotosha, lakini kalamu uliishika wewe. Na huyo mumeo mcheshi mwambie suti aiache dukani: cheti cha kwanza kimo kwenye daftari la msajili, hakifutiki, na wakikikuta mtakuwa mmedanganya mara mbili, safari hii wote wawili.

Hiyo fomu usiiguse kwanza. Tafuta wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si wakala, si rafiki wa rafiki. Mpelekee cheti halisi na vyeti vya watoto, mweleze kama ulivyonieleza, usipunguze neno. Atakuongoza kuandika barua ya kukiri kosa kabla hawajaligundua wenyewe.

Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Huenda viza ikakataliwa, huenda hata kibali chako kikaguswa, na mumeo alijue hilo leo, asiuze kifaa kingine. Lakini ukirudishwa, mama, utakuwa umerudi kwa mume wako na watoto wenu. Akija kwa cheti cha uongo, kila barua ya serikali mtaifungua mkitetemeka mpaka uzeeni. Mpigie wakili kesho, kabla hujaingia zamu.