Mwezi Tulioacha Kulipia Televisheni

Jumatatu, 1 Septemba

Chai. Mkate. Kelele. Kioko aliwasha televisheni kabla hajavaa soksi, na sauti ikapanda mpaka vijiko vikalia kwenye sahani. Nilimwambia apunguze. Hakugeuka. Hivi ndivyo ndoa yangu ilivyo: mimi nashindana na tangazo la sabuni, na sabuni inashinda.

Jioni ujumbe kwenye simu. Kifurushi kinaisha Alhamisi na bei imepanda tena. Eti "mteja wetu mpendwa". Watu ambao ukiwapigia wanakuwekea muziki hadi sufuria inaungua. Chaneli tele. Nusu zinauza vyungu, nusu zinaonyesha filamu za mwezi jana ambazo zitarudi mwezi ujao.

Hatulipi. Nimeamua.

Jumanne, 2 Septemba

Ilibidi nisimame mbele ya skrini ndipo mume wangu anitazame. Nikamwambia kifurushi kikiisha, kimeisha.

Nilitarajia ubishi. Nilichopata ni aibu. Alinisihi. "Mama Ndinda, tukate kitu kingine. Tukate nyama."

Mkamba kukataa nyama kwa ajili ya dikoda! Mama yangu hangeamini.

Nikamwambia kuna stesheni za bure. Akasema za bure hazieleweki. Zinaongea Kiswahili, na yeye amekaa Nairobi tangu ujana wake, lakini hazieleweki. Lazima iwe ya kulipia. Lazima iwe ile tamthilia ya Waturuki, maandishi yakipita chini, naye ameinama mbele kama anasoma gazeti. Hata habari anatafuta zile za nje zenye maandishi. Mtu wa kuuza vipuri anajiona balozi.

Alhamisi, 4 Septemba

Kimekatika. Saa ya chai ya jioni skrini ikawa ya buluu, ikatuomba tulipe. Nikaizima.

Fundi alikuja akafunga antena ya kawaida. Aliuliza kama atoe na ungo wa setilaiti. Nikamwambia auache, ushike kutu huko huko juu. Nusu ya mapaa ya mtaa wetu wa Woodley yana ungo kama huo, umeelekezwa mbinguni kama bakuli la ombaomba, na chini yake watu wanakopa sukari.

Stesheni za bure zinafaa kabisa. Mhubiri anafoka, mwanasiasa anafoka matangani, kisha hali ya hewa. Kioko alitazama habari kwa muda mfupi, akaondoka akaenda kukaa jikoni. Amenuna. Akae.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya kanisa tulienda Loresho kwa dada yangu Katunge. Hatuna mazoea ya kualikwa. Tulialikwa ili tuone televisheni mpya. Inajaza ukuta. Haina ungo, haina dikoda, yote yanatoka kwenye intaneti, na Katunge aliyaeleza haya huku akishika rimoti kama mtu anayeshika mtoto wa mfalme.

"Na nyinyi bado mko na ile dishi?" akauliza.

Nikasema tumeacha. Akanionea huruma. Kuonewa huruma na Katunge ni kama kunawishwa mikono kwa maji machafu.

Lakini aliyeniaibisha ni Kioko. Mezani shemeji, mume wa Katunge, alimuuliza kazi inaendeleaje. Kioko akajibu, "Walitengeneza, lakini mvua itaharibu tena." Kazi! Anaongea juu ya barabara! Baadaye shemeji alisema jambo la huzuni kuhusu msiba wa jirani, na Kioko akacheka. Katunge alinitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka.

Njiani, Waiyaki Way nzima, nilimwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Kwamba ananidhalilisha. Kwamba ni mvivu hata wa kusikiliza watu. Alitazama nje ya dirisha hadi tukafika.

Jumatano, 10 Septemba

Nilidhani televisheni ikinyamaza tutaongea. Nilikuwa mjinga.

Nimerudi kutoka kazini Westlands, miguu inauma, nimekaa mapokezi siku nzima nikitabasamia watu wenye bima za magari. Naingia, nasalimu. Kimya. Yuko kwenye kiti, mgongo kwangu, anasoma gazeti la jana. Nasalimu tena. Kimya. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu. Hata hilo halikumsumbua.

Jioni maziwa yalichemka yakamwagika jikoni, kifuniko kikaruka kikagonga sakafu, yeye yuko hatua chache kutoka pale. Alishtuka harufu ilipomfikia. Akaja mbio akifuta na kitambaa, akisema pole, pole. Kama mtoto.

Namdharau. Nimeandika, basi. Zamani nilikuwa namkasirikia, na hasira ina joto lake. Hii ni baridi.

Ijumaa, 12 Septemba

Meneja alinituma mjini na bahasha. Nikapita Moi Avenue kwenye duka la vipuri analofanyia kazi Kioko, nimwambie tutoke pamoja. Kaunta yake ina mtu mwingine.

Nikamuuliza mama anayepokea pesa. Akaona haya, kisha akaniambia. "Si alitolewa kaunta mwezi wa tano? Wateja walilalamika, ati wanamuuliza kitu anawapuuza. Sasa yuko stoo huko chini. Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia. Tangu mwezi wa tano anatoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, na ninayelipiga pasi ni mimi, kwenda kuketi stoo.

Sikushuka kumwita. Nilirudi Westlands nikiwa karibu kufurahi. Kumbe si mimi peke yangu anayepuuzwa. Amewafanyia na wateja, nao wakamtupa chini kwenye maboksi. Nilifikiri kumpigia binti yetu Ndinda huko Nakuru nimwambie baba yake ni mtu wa namna gani, na kwamba nikihamia kwake asishangae.

Sijapiga bado. Kesho.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mto.

Asubuhi niliteleza bafuni. Sabuni. Nikaanguka juu ya kifundo cha mguu, nikasikia kitu kikilia ndani. Nilimwita Kioko. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, nyumba kimya kabisa, redio imezimwa, televisheni imezimwa, majirani hawajaamka. Nikamwita tena. Nikapiga mayowe. Nilisikia kurasa za gazeti zikigeuzwa sebuleni.

Nilitambaa. Sitasahau sakafu ile. Nilipofika mlango wa sebule nilimwona, mgongo kwangu, miguu juu ya kigoda. Nikasema jina lake, karibu, bila kelele sasa. Nikamwambia mguu umevunjika. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa michezo.

Nilikuwa bado nimeshika kopo la kuogea, nikamrushia. Nilitaka limpate. Lilipita kando ya bega lake likagonga ukuta mbele yake, na ni hapo alipogeuka.

Uso wake. Hapakuwa na kununa pale. Palikuwa na hofu. Aliniona sakafuni akaruka, akapiga magoti, akaanza kunishika miguu, mikono, kichwa, akiuliza, "Uliita? Uliniita?" na kila nikijibu alikuwa anatazama midomo yangu. Si macho. Midomo.

Nikafunika mdomo kwa kiganja. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Baba Ndinda, wewe husikii."

Akangoja. Akaendelea kungoja niseme.

Jumapili, 14 Septemba

Mguu haukuvunjika, umeteguka tu. Jana hospitalini muuguzi aliita jina langu, na Kioko, aliyeketi kando ya mlango wake, hakusogea hadi nilipomgusa.

Leo tumeongea. Nimekaa mbele yake, nimesema polepole. Ilianza zamani, akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji, mashine zikinguruma siku nzima. Sikio la kushoto likaenda. La kulia limekuwa likifuata kidogo kidogo. Ndiyo sababu ya sauti kubwa. Na sauti kubwa ilipokosa kutosha, akategemea maandishi. Waturuki hakuwapenda hata kidogo, anasema, wanalia sana. Lakini walikuwa na maandishi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinyamaza, nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema. "Niliogopa wenye duka wataniachisha kazi. Na wewe nilikuogopa. Wewe ukijua mtu ana kasoro, humwachi apumue."

Jibu la hilo nalitafuta tangu asubuhi.

Nina hasira naye bado. Miaka yote hii ameniacha niongee na mgongo wake.

Alhamisi, 18 Septemba

Daktari wa masikio ni kijana mwenye maneno mengi, anayemweleza mgonjwa matokeo huku ameinamia kompyuta. Nikamwambia amwangalie usoni, asiyesikia ni yeye, si mimi. Akarekebisha kiti.

La kushoto halirudi. La kulia litasaidiwa na kifaa, ambacho kitachukua wiki kadhaa kufika. Daktari aliandika barua ya mwajiri. Kioko hakutaka kuipeleka. Tukaipeleka pamoja, mimi nikichechemea na fimbo. Mwenye duka aliisoma mara mbili, akauliza mbona mzee hakusema mapema, alikuwa anadhani ni kiburi. Nilitaka kumwambia jambo kali kuhusu mtu anayeweza kukaa na mwenzake kila siku asitambue. Nikalimeza. Lingenirudia mwenyewe.

Anabaki stoo, lakini sasa ni msimamizi wa stoo. Kioko alitoka pale akiwa mrefu kidogo.

Katunge alipiga simu kuuliza kama tumerudisha kifurushi. Nikamwambia bado, kuna kifaa tunanunua. Akauliza, ni cha chaneli ngapi? Nikakata.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua tangu mchana. Hatukutoka.

Tumehamisha viti. Vilikuwa vimetazama ukuta wa televisheni miaka yote, sasa vinatazamana, na dirisha liko kando ili mwanga uniangukie usoni. Ni yeye aliyevipanga. Mwanzo niliona haya, kutazamwa hivyo nikiongea. Hakuna aliyenitazama hivyo tangu nikiwa msichana. Nilipopaza sauti alinyoosha mkono akaniambia, "Usipige kelele. Sema tu polepole. Nakuona."

Nikamsimulia ya kazini. Meneja wetu alikwama kwenye lifti akiwa na mteja aliyekuja kumlalamikia, na lifti ilipofunguka walikuwa wameketi sakafuni wakila njugu za mteja. Kioko alicheka kabla sijafika kwenye njugu; kuna maneno yalikuwa yamempita.

Nikarudia tangu mwanzo.