Mashine ya Kukusomea, Shangazi

Chumba cha juu,
Nyumba ileile ya ngazi mbovu,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Macho yamekugomea, lakini natumaini miguu na ulimi bado vinakutii, hasa ulimi. Mimi mzima, mama mzima, paa tu ndilo linaloumwa.

Najua barua zangu anakusomea jirani yako mshonaji, na kabla ya jioni mtaa mzima unajua nimeachwa na nani. Ndiyo maana hujaniambia la moyoni tangu macho yafifie. Niliapa nitakutengenezea mashine ya kukusomea, tubaki wawili.

Kazi yenyewe inanitisha kwa uzuri wake. Neno moja huweza kuwa na kazi mbili, kama barabara ya kupita magari na barabara ya kusema sawasawa, tena hazitamkwi sawa. Basi mimi na wenzangu ofisini tunaiandikia mashine kanuni: chungulia maneno ya jirani, futa kazi isiyofaa. Kanuni zenye nguvu kuliko zote ni za "hakuna": kama neno fulani halipo karibu, amua hivi. Unaifundisha kutambua kisichokuwepo! Mpaka leo mwili unanisisimka.

Juzi nusura tukwame. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Hapana, alisema ikikosea tena haitoki ofisini. Ikakosea. Nilikuwa nimeweka "hakuna" mwishoni mwa kanuni. Ni kama kumwambia mtu, "Katafute nyumba yenye geti, ndani hakuna mbwa." Ataziruka zote zenye mbwa mpaka apate moja isiyo naye, arudi anachekelea. Mimi nilitaka mtaa mzima usiwe na geti lenye mbwa. Nikaihamishia "hakuna" mbele, ikafunika kanuni nzima: "Hakuna nyumba yenye geti na mbwa ndani." Neno moja tu, Shangazi, na ukurasa wote ukasomeka bila kujikwaa.

Bwana Hapana akavua miwani. "Haya, mpelekee shangazi yako." Nililia mbele ya watu wazima.

Mwanao dereva ataileta, aiwashe ikusomee barua hii, kisha aende zake. Nisalimie yeye na mkewe, na mshonaji pia, asije akanuna.

Sasa tega sikio. Kikohozi cha mshonaji hakipo. Kiti chake hakilii. Hakuna anayeguna.

Basi tuko wawili. Kitufe cha pembeni kinarekodi sauti. Niambie.

Mungu akulinde, akuachie na huo ulimi.

Ni mimi nikupendaye tangu sijui kusoma,
Kimbelembele wako