Salamu ya Neno Moja

Ipogolo, Jumanne

Bado nacheka. Wiki nzima roboti za mtandaoni zimekuwa zikijaza oda za uongo kwenye tovuti yetu ya mbegu za viazi, hadi bosi akataka tuifunge. Jana nikaongeza swali kwenye fomu: "Habari za nyumbani?" Nilidhani roboti itajieleza kirefu na mtu atasema nzuri tu, kwa hiyo ukijibu zaidi ya neno moja, oda inakataliwa.

Leo Mama Upendo, mteja wetu wa Kilolo, kapiga simu: "Mwanangu, nimekukosea nini? Naitikia salamu, unanifukuza!"

Kumbe aliandika: nzuri, ila mguu unauma, mvua imegoma, ninyi mmeamkaje? Nani huku anaitikia kwa neno moja? Mjinga mimi.

Nimegeuza sharti: asiyetuuliza hali hapiti. Tangu mchana hakuna roboti iliyopita. Wateja wamepita wote, na kila mmoja anasubiri nimwambie tumeamkaje.