Mlango Uliong'aa Ukutani

Dunda,
S.L.P. 41,
Bagamoyo.
2 Machi, 1976

Mpendwa Kaka Alawi,

Shikamoo. U hali gani huko Dresden, na hiyo baridi mnaiwezaje? Sisi miili mizima, alhamdulillahi. Mioyo usiulize.

Barua yako tuliipata. Ulieleza ule mtambo wa chuoni kwenu unaotazama joto la chuma mpaka unaonekana ufa uliojificha ndani. Nilicheka, nikasema Kaka Alawi keshaanza porojo. Basi mtambo kama huo umefika nyumbani kwetu, na tangu siku hiyo sijacheka tena.

Walikuja wageni wawili wanaokagua nyumba za mawe za mji wetu. Wakatuomba tuwashe majiko ya mkaa kando ya ukuta wa kati, pale baba yako alipoziba mlango alipogombana na marehemu baba yangu wakagawana nyumba. Ukuta ulipopata moto, wakatazama kwa kamera yao na sisi tukatazama kwenye kioo chake. Palipo na mawe palikuwa peusi. Katikati, pasipo na mawe chini ya plasta, ukang'aa mlango mzima! Kumbe Baba Mkubwa hakuujaza mawe. Alisimamisha fito, akakandika udongo, akapiga plasta juu. Na boriti iliyobeba dari pale juu, walipoichoma bisibisi, ukatoka unga mtupu. Mchwa wameimaliza.

Mgeni mmoja hakutuficha. Alisema masika hii ukuta hauimalizi. Dawa ni kuubomoa mlango ule na kuingiza boriti mpya, tena kazi ifanywe pande zote mbili kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapokata tamaa. Unakijua kiapo cha baba yako: siku mlango ule ukifunguliwa, au yeye akikanyaga upande wetu, mama yako ameachika talaka tatu. Nilimwendea nikapiga magoti, nikamwomba akaulize tu kwa masheikh kama kiapo kile kina njia. Akaniambia, "Hizo picha za moto ni mambo ya majini. Ukuta nimejenga mimi." Akaugonga kwa ngumi, nikafumba macho! Mama yako alikuwa jikoni anasikia yote. Sasa mimi nimwombe mama wa watu avunjiwe ndoa yake ili dari yetu isimame? Nimeshindwa, kaka. Nimechoka kabisa.

Na Bibi ndiye anayeniua. Tangu apooze miguu hajamwona baba yako, na huku wanatenganishwa na ukuta mmoja tu. Aliposikia mlango wake bado upo alilia kwa furaha, akataka kitanda chake kisogezwe pale pale, ili ukifunguliwa awe wa kwanza kumwona mwanawe. Nilimweleza habari ya boriti. Akasema kama ni kufa, afie hapo. Tukitaka kumhamisha anapiga kelele mpaka majirani wanajaa ukumbini. Jana mvua ya kwanza imenyesha. Sikulala.

Mwandikie baba yako. Wewe ndiye mwanawe wa pekee, na mtambo huo unaujua. Usimwambie afungue, mwambie akaulize tu. Najua barua itachukua wiki nzima na zaidi, na mvua haingoji posta. Mwandikie hivyo hivyo.

Mama yangu na shangazi Tatu wanakusalimu. Mama yako pia anakusalimu sana, ila hajui kama nimekuandikia haya. Bibi yetu Mwanamkasi naye anakuombea dua kila sala. Leo asubuhi baba yako alikuwa akipaka chokaa upande wenu, maana Maulidi yamekaribia na ufa umeanza kuonekana. Brashi ikawa inagonga ukutani. Bibi akaisikia, akajitengeneza mtandio, akaitikia, "Karibu, mwanangu, pita." Brashi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Mpaka sasa ninapoandika, Bibi bado anaitikia.

Mola akuhifadhi huko ugenini, na sisi atuhifadhi chini ya dari hii.

Nduguyo akupendaye,
Mardhiya binti Mwishehe