Lawama za Orodha Yangu Zimemwangukia Shemeji

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana Ijumaa saa nne asubuhi kuna kikao, na baada ya kikao hicho sijui nitatazamana vipi na mke wangu.

Mimi ni mtengeneza programu katika kampuni ndogo, tuko sita chumba kimoja juu ya duka la vioo, na aliyeniingiza pale ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye mtunza hifadhidata, yaani lile ghala la kompyuta zinamokaa kumbukumbu zote za wateja, na mteja wetu mkubwa ni kliniki moja ya macho yenye wagonjwa laki mbili walioandikishwa. Nilipewa kazi ya kumwezesha dada wa mapokezi aandike jina la mgonjwa aletewe kadi yake, na jambo hilo lina utaratibu wake, kwamba programu inapeleka swali kwenye hifadhidata, halafu inangoja jibu huku ikiendelea kuwahudumia wengine, kwa hiyo kwenye swali unaandika neno la kungoja, na nililiandika, Mungu ni shahidi.

Shida ilianzia kwenye majaribio, maana huwezi kujaribia wagonjwa wa kweli, basi nikabuni wagonjwa watano nikawapanga kwenye orodha ndani ya kompyuta yangu, palepale mkononi, mmoja nikampa jina la baba mkwe ili nicheke kidogo, nikaiuliza orodha swali lilelile, na orodha ikakataa katakata, ikaniandikia kwa maandishi mekundu kwamba yenyewe haijui kuulizwa kwa kungojwa, na ukifikiri vizuri ni kweli, itangojwaje wakati kila kitu kipo hapohapo? Nilihangaika nayo siku mbili, nabadilisha hiki narudisha kile, meneja anapita nyuma ya kiti changu na kikombe chake anauliza, "Vipi, bado tu?" na mimi namjibu, "Inaiva, bosi," na hapo ndipo shetani aliponipitia, kwa sababu badala ya kuifundisha orodha ya majaribio namna ya kungojwa, nilibadilisha programu yenyewe, nikaiambia iwachukue kwanza wagonjwa wote kutoka kwenye hifadhidata, iwageuze orodha, ndipo imtafute anayetakiwa. Kwa wale watano wangu ilikwenda kama maji. Taa zote za majaribio zikawa kijani, meneja akanipiga bega mbele ya watu.

Jumatatu ya wiki jana kliniki ikaanza kuitumia, na kufika saa tatu skrini za mapokezi zimeganda, wagonjwa waliofungwa bandeji jicho moja wamejaa kwenye mabenchi, dada wa mapokezi amerudi kwenye makaratasi, na simu ofisini kwetu hazikatiki. Meneja akasema, "Majaribio ya huyu yote kijani. Tatizo ni databesi, na mwenye databesi tunamjua." Shemeji hakujitetea, alinitazama tu, na mimi nikajifanya natafuta chaja chini ya meza, nikakaa huko mpaka magoti yakaniuma. Sasa Ijumaa wanaamua kuhusu mkataba wake, na minong'ono ni kwamba kibarua chake kitaota nyasi, na eti kazi yake nitakabidhiwa mimi. Mke wangu kila jioni yuko kwenye simu anampoza dada yake, akimaliza ananigeukia, "Hivi mume wangu, na akili zako zote hizo, umeshindwa kumsaidia dada?"

Kusema naogopa, kwa sababu mimi mwenyewe bado niko kwenye miezi ya majaribio kazini. Je, nikirekebisha kimyakimya kabla ya Ijumaa, tatizo likaisha, si yatakuwa yameisha?

Wako,
Kijani Kibichi

*

Kijani Kibichi,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilicheka hapo kwenye chaja. Ya pili sikucheka.

Watu wanadhani mimi najua mambo ya ndoa tu. Kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na mmoja, na masjala ni hifadhidata yenye vumbi. Afisa akitaka faili alijaza kikaratasi, akakiacha dirishani, akaendelea na shughuli zake mpaka nimwite. Faili likiwa tayari juu ya meza yake, hakujaza kitu, alinyoosha mkono. Hiyo orodha yako ya watu watano ilikuwa mezani, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kukushangaa. Ulitakiwa uivishe koti la masjala kwa ajili ya majaribio, ipokee kikaratasi, iseme "ngoja," kisha ijibu. Wenzako wanalijua koti hilo na wangekuonyesha kwa dakika kumi. Hukuwauliza, kwa sababu bosi alikuwa anapita na kikombe.

Badala yake ukafanya nini? Kila mapokezi walipotaka kadi moja, uliagiza kabati zote zibebwe ziletwe mezani, ili upekue mwenyewe. Afisa angekuja na ombi hilo dirishani kwangu, ningemwuliza kama ameamka salama! Halafu aliyebebeshwa kabati anaitwa mzembe, na wewe uko chini ya meza. Programu kila mtu anaharibu, hiyo nakusamehe. Kuwa chini ya meza sikusamehe.

Unataka kurekebisha kimyakimya. Thubutu! Ukirekebisha kimyakimya Alhamisi, Ijumaa utasifiwa kwa kumwokoa mteja kutoka mikononi mwa shemeji yako, na utapewa kiti chake kikiwa bado na joto. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe umechuma, umemwachia wa kwenu ale peke yake. Unasema uko kwenye miezi ya majaribio. Ni kweli uko, na taa si ya kijani.

Sasa sikiliza. Leo hii rudisha swali lilivyokuwa, na neno lake la kungoja, hifadhidata imtafute mgonjwa yenyewe imlete mmoja. Orodha ya majaribio ivishe koti. Halafu ongeza jaribio jingine kwenye hifadhidata kamili, yenye wagonjwa wa kubuni maelfu kwa maelfu, maana watu watano hawajazi hata benchi moja. Na baba mkwe mtoe humo. Ukifika nyumbani mwambie mke wako, umeketi, simu zimezimwa. Kesho asubuhi ingia kwa meneja useme: nilibadilisha hapa, nikaharibu, nimerekebisha hivi, mtunza hifadhidata hana kosa. Yaandike hayohayo, umpelekee kila atakayekaa kwenye kikao. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Kazi utapata nyingine, ukweni hakuna pengine.

Bado jambo moja. Masjala yetu ilikuwa na daftari: nani ameomba faili, saa ngapi, na ameomba nini. Nimempigia mtu wa kazi yenu kumwuliza kama hifadhidata nayo ina daftari. Akasema inalo, na mambo yakiharibika mtunzaji ndiye wa kwanza kulifungua. Kwa hiyo tangu Jumatatu ile shemeji yako ameyaona maombi yako, "lete wote, lete wote," mamia kwa mamia, pamoja na saa na programu yalikotoka. Anao ushahidi wa kujiokoa, ameukalia wiki nzima na zaidi, kwa sababu unayelala naye kitanda kimoja ni mdogo wake.

Basi kesho, kabla ya kufika kwa meneja, simama mbele ya meza ya shemeji yako. Habari za orodha usimweleze, anazijua. Mwombe radhi.