Sijagombezwa Tangu Nirudi

Jumapili, Kilosa. Upepo wa Agosti umeamka na vumbi lake, na mimi nimeamka na kijicho. Nasema wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka: namwonea wivu Lena.

Kwa asiyejua, Lena ni binti wa Kijerumani tuliyebadilishana naye kwa miezi mitatu. Chuo kilinipeleka kwao nikasome, yeye akaja kwetu kujitolea shule ya msingi. Nililala kitandani kwake, naye akalala kitandani kwangu.

Kitanda nimerudishiwa. Mama bado.

Nilianza kushtuka palepale Mikumi, niliposhuka basi la kutoka Dar. Mama alikuja kunipokea stendi. Nilikuwa na hamu ya ugali na mlenda mpaka nauota usingizini, yeye akaniagizia chipsi kuku na maji ya chupa. "Tumbo lako limeshazoea vya huko," alisema. Yeye akala ugali. Nikawa namwangalia anavyomega tonge, huku nachoma chipsi zangu kwa uma.

Nyumbani ikawa hivyohivyo. Nikishika ndoo, napokonywa. Nikiinama kufagia, naambiwa nikapumzike. Natengewa chakula mezani peke yangu, kwenye vile vyombo vya kabatini ambavyo hutolewa Idi tu.

Na huyo Lena? Mama Zuhura, jirani yetu, hachoki kunisimulia. Eti alikuwa akiamshwa alfajiri kuchota maji, alivuna mpunga shambani Tindiga mpaka viganja vikachubuka, na alijua kupepeta mchele isibaki hata chuya moja. Siku aliyounguza maharage, Mama alimsema mtaa mzima ukasikia. Mama Zuhura anasimulia huku anacheka. Mimi moyo unaniuma. Tangu darasa la kwanza niliambiwa mkono wangu ni wa kalamu, nikasome. Ungo sijui hata kuushika.

Niseme na ya kule, nisiwe mnafiki. Nilipapenda. Nilipenda maktaba yao, baiskeli niliyoazimwa, na jua lao la kiangazi lisilotaka kuzama. Lakini wiki ya kwanza nililia. Mama yake Lena alinipangia zamu ya usafi: kila Alhamisi, kuosha choo. Mgeni nimesafiri mbali kote kule, nikaoshe choo? Niliona yule mama ananidharau. Nikaosha nimenuna mpaka siku ya kuondoka.

Leo ndiyo naelewa kwamba alikuwa amenihesabu mtu wa nyumbani.

Mchana huu Lena alipiga simu. Mama akaweka sauti kubwa, sote tusikie. Lena akaanza na shikamoo yake iliyonyooka.

"Marahaba. Wewe mtoto, wiki nzima kimya, unadhani huku hakuna watu? Umekula? Au mikate hiyohiyo? Nilikwambia nini kuhusu kulala na njaa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, natafuna karanga nilizomenyewa.

Simu ilipokatika nikauchukua ungo, nikaanza kupepeta mchele. Pumba zikaruka, na mchele ukaruka nazo. Nusu ukamwagika mchangani, kuku wakakimbilia. Nikasubiri kugombezwa. Naapa nilisubiri. Mama akainama, akaanza kuokota taratibu. "Acha tu, mama, utachafuka," aliniambia.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, na mimi nigombeze. Mbona Lena ulikuwa unamgombeza?"

Hakunitazama. "Lena nilijua anarudi kwao," alisema. "Wewe nikugombeze, halafu uondoke tena na kinyongo, utarudi kwa nani?"

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ile ya chipsi nilimwambia, kwa kujisifu kabisa, kwamba mwalimu wangu wa kule anataka nirudi nikasome miaka miwili. Alisema alhamdulillahi, akanawa mikono. Nikadhani yameisha. Kumbe tangu siku hiyo ameshaniona niko njiani, na kila chombo anachonitolea kabatini ni kunibembeleza nisimsahau.

Wivu haujaisha, nisidanganye. Sauti ile aliyompa Lena kwenye simu bado naitaka iwe yangu.

Na yule mwalimu sijamjibu. Nataka kwenda, tena sana. Ila nataka niondoke nikiwa mtoto wa nyumba hii, niliyesemwa vya kutosha. Je, naweza kuvipata vyote viwili?

Sijui. Kesho nitaamka kabla ya Mama, nichote maji, niinjike chai, kisha nishike ungo hata kama mchele wote utaliwa na kuku. Akiniambia nikapumzike, siendi.